Herufi Moja Ukutani

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima
Msemaji: Afisa wa Elimu

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya somo tayarisha ubao na chaki. Baada ya somo wanafunzi wasome sehemu ya mwisho kwa sauti, kisha wajibu maswali.

Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka vizuri, na kila mtu ana kalamu na daftari lake. Na wewe ambaye hukupata nafasi ya kusikiliza redio, ukawa unasoma maneno haya katika karatasi, karibu vile vile. Soma polepole. Neno likikushinda, lipige mstari chini yake, kisha umwulize mwalimu.

Leo tutajifunza herufi moja tu. Herufi hiyo iliandikwa juu ya kuta za watu ili wafukuzwe majumbani mwao. Kisha watu wengine, mbali na karibu, waliichukua herufi ile ile wakaifanya alama ya kuwakumbuka waliofukuzwa. Nataka tuone jinsi jambo hilo lilivyotokea, na linatufundisha nini sisi tulio mbali.

Kwanza namwomba mwalimu aandike ubaoni herufi N. Nyote mnaijua. Ndiyo mwanzo wa maneno nyumba, ndugu na njia. Sasa kando yake mwalimu achore kitu kama bakuli lililo wazi, na juu ya bakuli hilo atie nukta moja. Hiyo ni N ya Kiarabu. Jina lake nuni. Wale waliosoma chuoni utotoni wameitambua mara moja. Tena wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za namna hiyo kwa miaka mingi, kabla ya hizi tunazozitumia leo. Kwa hiyo si herufi ngeni kwetu, wala haina kosa lo lote. Kosa huwa katika mkono wa mwandishi.

1. Mji wa Mosul

Katika nchi ya Iraki, upande wa kaskazini, uko mji mkubwa uitwao Mosul. Umejengwa kando ya mto Tigri. Ng'ambo ya mto yako magofu ya Ninawi, mji ule ambao nabii Yona alitumwa kwenda kuuonya. Waislamu nao wanamheshimu nabii huyo, na humwita Yunus.

Wakristo wameishi katika nchi hiyo tangu karne za kwanza za dini yao. Si wageni waliofika juzi. Wengi wao, hasa watu wa vijiji vya uwanda wa Ninawi, mpaka leo husema Kiaramu, lugha iliyo ndugu ya lugha aliyoisema Yesu. Walikaa jirani na Waislamu, Wayazidi na watu wengine. Zilikuwapo nyakati za amani na nyakati za taabu, lakini walikuwa wenyeji kama wenyeji wengine. Walikuwa na maduka yao, makaburi ya babu zao, na milango yenye majina yao.

Tarehe 10 Juni mwaka 2014 mji huo ulitekwa na watu wenye silaha waliojiita Dola ya Kiislamu. Mwezi uliofuata watu hao walipita mitaani na rangi. Walipofika penye nyumba ya Mkristo waliandika ukutani herufi nuni. Herufi hiyo ndiyo mwanzo wa neno Nasara, ambalo ni jina la Wakristo kwa Kiarabu, nalo latokana na mji wa Nazareti. Hata watu wa pwani yetu zamani walisema Manasara. Kando ya herufi hiyo waliandika kwamba nyumba ni mali ya dola yao.

Fikiri kidogo, wewe unayesoma. Unatoka nje asubuhi, unatazama ukuta uliojengwa na baba yako, nao unakuambia kwamba nyumba si yako tena.

Kisha likatolewa tangazo. Wakristo wabadili dini, au walipe kodi maalumu, au waondoke. Asiyetaka lo lote katika hayo, malipo yake ni upanga. Mwisho wa kuchagua ulikuwa saa sita mchana, siku ya Jumamosi, tarehe 19 Julai 2014.

Basi watu wakafunga mizigo. Lakini hata mizigo hiyo wengi hawakufika nayo. Njiani walisimamishwa, wakanyang'anywa fedha, vito, hata pete za ndoa. Wengi walikimbilia vijiji vya uwanda wa Ninawi kwa jamaa zao. Usiku wa tarehe 6 Agosti vijiji hivyo navyo vikaingiliwa, pamoja na Qaraqosh, mji wa Kikristo uliokuwa mkubwa kuliko yote ya Iraki. Watu zaidi ya laki moja wakatoka usiku ule na siku iliyofuata, wengine kwa magari, wengine kwa miguu. Wengi wao walifika Erbil, mji wa Wakurdi. Walilala makanisani, mashuleni, bustanini, na katika majumba ambayo hayajaisha kujengwa.

Sasa tegeni sikio vizuri, maana jambo hili mara nyingi husahauliwa. Nuni haikuwa herufi ya pekee. Kwenye nyumba za Waislamu wa Shia watu wale waliandika herufi R, mwanzo wa neno la kuwatukana. Mwezi wa Agosti waliwashambulia Wayazidi huko Sinjar, wakaua wanaume kwa maelfu, wakachukua wanawake na watoto utumwani. Tena tarehe 24 Julai walilipua kwa baruti mahali pa kaburi la nabii Yunus, palipokuwa na msikiti, mahali ambapo Waislamu na Wakristo walipaheshimu pamoja. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba yale yalikuwa mapigano ya Waislamu wote na Wakristo wote, mjibu kwa upole kwamba amesoma ukuta mmoja tu wa mji. Kuta nyingine hajazisoma.

2. Herufi yageuzwa

Habari hizo zilienea upesi. Mara watu wa nchi nyingi wakaanza kuiandika herufi ile ile. Wengine waliivaa kifuani. Wengine waliiweka katika simu zao mahali pa picha zao wenyewe. Makanisa mengine yaliibandika mlangoni. Maana yake ilikuwa hivi: kama alama hii ndiyo hatia ya jirani yangu, basi na mimi niandikeni hiyo hiyo.

Huko Iraki kwenyewe yalifanyika mambo makubwa zaidi. Siku ya Jumapili, tarehe 20 Julai 2014, yaani siku moja tu baada ya mwisho ule wa Mosul, Waislamu wa Baghdad walikwenda kusimama pamoja na Wakristo kwenye kanisa la Mtakatifu George. Walichukua karatasi zenye maneno haya: Mimi Mwiraki, mimi Mkristo. Mtu wa Ulaya akivaa nuni hapatikani na jambo. Lakini mtu wa Baghdad aliyesimama pale aliweza kurudi nyumbani akakuta na mlango wake umeandikwa.

Alama za namna hii ni za zamani. Msalaba wenyewe ulikuwa kifaa cha serikali ya Roma cha kuwaulia watu, na Wakristo wakaugeuza kuwa alama ya tumaini. Wakristo wa Misri, waitwao Wakopti, wana desturi ya kuchanjwa msalaba mdogo mkononi, karibu na kiganja. Alama hiyo haivuliwi kama shati wakati wa hatari. Mwezi wa Februari mwaka 2015 dunia ilijua habari za watu 21 waliouawa katika pwani ya Libya kwa sababu ya Ukristo wao. Ishirini walikuwa Wakopti wa Misri, na mmoja alikuwa mtu wa Ghana. Walikuwa wafanyakazi waliotafuta riziki ugenini, kama ndugu zetu wengi wanavyofanya.

Katika Afrika ya Mashariki tunayo alama ya miguu. Kila mwaka watu husafiri mpaka Namugongo, Uganda, kwa ajili ya siku ya 3 Juni, na wengine hutembea kwa miguu siku nyingi. Wanawakumbuka Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya mwaka 1885 na 1887, Wakatoliki na Waanglikana. Na ni haki kukumbuka pia kwamba katika miaka ya 1870 Kabaka Mutesa aliwaua Waislamu wengi kwa sababu ya dini yao. Nchi moja, vizazi viwili, dini mbili, na machozi ni yale yale.

Tena tarehe 24 Februari mwaka 2018 huko Roma jengo la kale liitwalo Colosseum lilimulikwa kwa taa nyekundu usiku. Rangi ile ilikuwa ukumbusho wa damu ya Wakristo wanaoteswa leo.

3. Alama ni kama sahihi

Labda mmoja wenu anauliza, "Bwana Afisa, taa nyekundu itamsaidia nini mtu aliyefukuzwa? Atakula taa?" Ni swali zuri, na nitajaribu kulijibu.

Wengi wenu, kabla ya kuingia darasani humu, mlikuwa mkitia dole gumba. Mnajua kwamba alama ile ya wino, ingawa ni ndogo, ina nguvu. Ukitia dole gumba katika karatasi ya deni, deni ni lako. Kesho huwezi kusema kwamba ulikuwa ukichezea wino. Hivyo ndivyo ilivyo alama ya kuwa pamoja na mtu anayeteswa. Ni sahihi ya ahadi. Mtu aliyeivaa amesema: nitakukumbuka, nitaulizia habari zako, nitasema kweli juu yako, na nikipata kitu nitagawana nawe. Akisha kuivua jioni na kusahau, ametia dole gumba katika deni asilotaka kulilipa.

Na mtu aliyefukuzwa, mara nyingi jambo analoliogopa kupita njaa ni kusahauliwa. Mgonjwa wa hospitali analijua jambo hilo. Hata ukimtembelea na mikono mitupu, moyo wake hutulia kwa kuona kwamba wa nyumbani bado wanahesabu siku pamoja naye.

4. Kosa langu

Sasa nitawaambia jambo lililonipata mimi mwenyewe, ili ninyi msikosee kama nilivyokosea.

Katika darasa moja nililokuwa nikilitembelea, wanafunzi Wakristo walisikia habari za Mosul kanisani mwao. Wakaniomba ruhusa ya kuchora nuni kubwa kwenye mlango wa darasa, wawe wakisali hapo kidogo kabla ya masomo. Nikaona ni jambo jema. Nikasema, "Choreni." Sikuuliza mtu mwingine.

Katika darasa lile alikuwapo mama mmoja Mwislamu, mtu mzima, hodari wa kusoma kuliko wote. Juma lile hakuja. Juma la pili hakuja. Nikaenda kwake.

Nikamwambia, "Shikamoo, mama."

Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Kaa kitako."

Nikamwuliza kama ni mgonjwa. Akasema hana ugonjwa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia hivi: "Mwanangu, herufi ile mimi niliijua kabla sijaijua A. Ndiyo mwanzo wa Sura ya Kalamu katika Kurani. Nabii Yunus naye huitwa Dhunnuni, maana yake mwenye samaki. Mimi nikiiona naikumbuka kalamu, na nabii katika tumbo la samaki anamwomba Mungu. Lakini sasa nikipita mlango ule, wenzangu hunitazama kama mimi ndiye niliyeiandika kule kwenye nyumba za watu. Na mimi moyo wangu ulilia niliposikia habari zile. Hakuna aliyeniuliza."

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye mwenye cheti cha Chuo Kikuu, na yeye ndiye aliyenifundisha siku ile. Baadaye nilijifunza kwamba hata katika Kiaramu, lugha ya Wakristo wale wa Ninawi, neno nuna ni samaki. Na samaki ni alama mojawapo ya kale kabisa ya Wakristo. Basi herufi moja ilikuwa imebeba mambo ya watu wengi, nami niliitundika mlangoni kana kwamba ni ya watu wa upande mmoja.

Nikamwomba radhi. Juma lililofuata tulikaa darasa zima tukazungumza. Yule mama alisimama mbele, akaandika nuni ubaoni, akaeleza yote anayoyajua. Nami nikaandika R kando yake na kueleza nyumba za Washia. Wanafunzi wakakata shauri kuifuta herufi mlangoni, maana mlango ni wa wote. Wakristo wakaiweka kanisani mwao, mahali ambapo kila aionaye hupata maelezo yake.

Mzee mmoja hakuridhika. Alisema tumeifuta kwa woga, na kwamba wale wa Mosul hawakuwa na nafasi ya kuzifuta kuta zao. Neno lake lilinichoma, na mpaka leo silidharau. Nilimjibu kwamba haifai kumlilia jirani wa mbali kwa kumliza jirani wa karibu. Alitikisa kichwa. Lakini darasani aliendelea kuja, na mama yule alirudi, nao hukaa benchi moja.

5. Basi la kwenda Mandera

Kama unadhani kwamba jambo la jirani ni dogo, sikiliza habari hii ya Kenya.

Mwezi wa Novemba mwaka 2014, karibu na mji wa Mandera, kaskazini mashariki ya Kenya, watu wa kundi la Al-Shabaab walisimamisha basi. Waliwatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Kila mtu wa upande ule alizijua habari hizo.

Tarehe 21 Desemba mwaka 2015 basi jingine, likielekea Mandera, lilishambuliwa karibu na El Wak. Washambulizi wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Wanawake Waislamu waliwapa wenzao Wakristo mitandio yao wajifunike, wasitambulikane. Wakawaambia wenye bunduki kwamba, kama ni kuua, wawaue wote pamoja, au wawaache waende. Mwalimu mmoja Mwislamu aliyekuwa katika basi hilo, jina lake Salah Farah, alipigwa risasi. Alifariki Nairobi mwezi wa Januari mwaka 2016.

Hapakuwa na taa nyekundu siku ile, wala herufi. Alama ilikuwa mtandio, nguo tunayoinunua sokoni kila siku. Lakini ulikuwa mkononi mwa mtu aliyekuwa tayari kulipa bei yake.

6. Jinsi ya kuwaombea

Wakristo wanaagizwa katika Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, kuwakumbuka walio kifungoni kana kwamba wao wenyewe wamefungwa. Makanisa mengi huweka Jumapili moja ya mwezi wa Novemba kwa sala hiyo. Lakini si lazima kungoja Novemba. Nitataja mambo manne.

Kwanza, taja mahali. Usiseme tu, "Mungu, wasaidie wanaoteswa wote." Tafuta katika ramani ya darasa nchi ya Iraki, kisha mji wa Mosul. Ukijua mahali, sala yako inakuwa kama barua yenye anwani.

Pili, usieneze majina wala picha za watu waliojificha. Yako makanisa mahali pengine ambayo watu hukutana kwa siri. Ukipeleka jina la mtu katika simu kwa huruma, simu ile yaweza kufika kwa adui yake. Kadhalika habari usiyojua imetoka wapi usiipeleke mbele. Uongo mmoja huwafanya watu wasiamini kweli kumi.

Tatu, waombee hata wale wanaotesa, ili waache. Sala hii ni ngumu, nami sitawadanganya kwamba ni nyepesi. Lakini Mkristo ameagizwa hivyo na Bwana wake.

Nne, sala ifuatwe na mkono. Kama kuna mchango wa wakimbizi unaoaminika, toa senti zako. Kama yuko mtu mtaani kwako anayesumbuliwa kwa sababu ya dini yake, Mkristo au Mwislamu au mwingine, anza na huyo.

Mwalimu wa darasa asimlazimishe mtu ye yote kusali. Asiye Mkristo aweza kunyamaza, au kuomba kwa dini yake. Kunyamaza pamoja na mwenye huzuni ni msaada pia.

7. Mosul baadaye

Mji wa Mosul ulikombolewa mwezi wa Julai mwaka 2017, baada ya vita vya miezi mingi vilivyobomoa sehemu kubwa ya mji wa kale. Mwezi wa Juni mwaka huo watu wale, kabla ya kushindwa, waliulipua hata msikiti mkubwa wa al-Nuri wenye mnara wa kale. Krismasi ya mwaka huo watu walisali tena Mosul kanisani, na vijana Waislamu wa mji walisaidia kusafisha. Tarehe 7 Machi mwaka 2021 Papa Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alisali katikati ya magofu ya makanisa ya mji huo. Baadaye shirika la UNESCO lilisaidia kujenga upya msikiti wa al-Nuri, pamoja na kanisa la al-Tahira na kanisa la Bibi Yetu wa Saa.

Lakini kuta ni rahisi kurudi kuliko watu. Qaraqosh wamerudi wengi. Mosul zimerudi familia chache tu za Kikristo. Kabla ya vita ya mwaka 2003 Wakristo wa Iraki walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Leo wanakadiriwa kuwa malaki machache. Rangi ukutani imefutwa, na wengi waliofukuzwa wako ugenini bado. Kwa hiyo ahadi yetu haijaisha muda wake.

Sehemu ya kusoma kwa sauti

Hii ni nyumba. Nyumba ina mlango. Mlango una jina. Mtu mbaya amefuta jina, ameandika herufi. Jirani ameiona herufi. Jirani hakukimbia. Amechukua chaki, naye ameandika herufi hiyo hiyo juu ya mlango wake. Sasa milango yote ni sawa. Mtu mbaya hajui amfukuze nani.

Sala kwa wale wanaopenda

Ee Mungu, unaijua milango yetu yote. Uwakumbuke watu wa Mosul na Qaraqosh walio mbali na kwao. Uwape chakula, uwape kazi, uwape njia ya kurudi. Uwageuze wanaotesa watu. Nasi utufanye majirani wa kweli. Amina.

Maneno mapya

Nuni: herufi N ya Kiarabu.
Magofu: nyumba au mji wa kale uliobomoka.
Uwanda: nchi tambarare.
Sahihi: jina au alama unayoandika kuonyesha kwamba umekubali.
Kuchanja: kutia alama katika ngozi isiyofutika.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini watu wale waliandika nuni katika nyumba za Mosul? Nyumba za Washia ziliandikwa herufi gani?
2. Alama inafananaje na dole gumba katika karatasi ya deni?
3. Yule mzee alisema tumeifuta herufi kwa woga. Wewe unaonaje? Toa sababu zako, na usikilize sababu za mwenzako.
4. Andika sentensi tatu kumhusu mtu ambaye ungependa asisahauliwe.

Mabibi na mabwana, wakati wetu umekwisha. Kabla hamjazima taa, kila mtu aandike nuni mara moja katika daftari lake, bakuli na nukta yake, na chini yake aandike jina la jirani yake aliyekaa kulia. Kisha mwonyesheni. Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana tena juma lijalo.